Kopo la dagaa na mkesha wa kuombea taifa: Mwalimu anajibu barua zenu

Wasomaji wangu Bwana Yesu asifiwe, na wale ambao si wa imani yangu habari za siku nyingi. Mwezi uliopita niliandika kwenye ukurasa huu kwamba tunakesha sana kuombea taifa lakini asubuhi yake tukifungua biashara na ofisi tunaendelea na yale yale ya jana, nikasema taifa halina magoti ya kupiga, wenye magoti ni sisi, mmoja mmoja. Barua na meseji zimekuja nyingi kwelikweli, wengine wamenishukuru, wengine wamenikasirikia. Nimechagua tano, majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake niliisoma usiku umeme umekatika, kwa tochi ya simu, nikairudia mara tatu na usingizi haukuja.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Kibirizi, Kigoma, nauza dagaa, nina watoto wanne na baba yao alishatangulia mbele za haki. Nimeokoka huu mwaka wa sita na kanisani niko timu ya maombi, kila ijumaa usiku tunaombea nchi, viongozi, rushwa iishe, vijana waache madawa. Sasa makala yako ilinichoma. Hapa sokoni kopo la kupimia wote tunaligonga kitako, unaligeuza unagonga na jiwe taratibu linabonyea kwa ndani kama kibakuli, alafu mteja anaona kopo limejaa na kilima tunamwekea juu lakini chini hamna kitu. Nilikuta wenzangu wanafanya hivo nikafundishwa. Nikiacha peke yangu bei yangu itaonekana kubwa, wateja watahamia kwa jirani, wanangu watakula nini? Na hiyo ni dhambi kweli au ni ujanja wa biashara tu, maana kila mtu anajua. Alafu mbona tunaomba miaka yote na nchi haibadiliki? (Mama wa dagaa, Kibirizi)

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa kulea watoto wanne peke yako, sitaki hilo lipite hivi hivi kabla sijasema neno lingine. Nakujibu kama ninavyomjibu dada yangu wa tumbo moja.

Ni dhambi, sitazunguka. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na Kumbukumbu la Torati 25 inakuja karibu kabisa na meza yako, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia kwenye mfuko wake, kubwa na dogo. Lakini ile ninayotaka uisome leo usiku ukiwa umetulia ni Mika sura ya 6. Wale watu walikuwa na ibada kuliko sisi, wanauliza wamletee Mungu nini, kondoo waume maelfu, mito ya mafuta elfu kumi, yaani walikuwa tayari kutoa sadaka ambayo hakuna mkutano wa injili hapa Kigoma umewahi kuiona. Wanajibiwa kwenye mstari wa 8, watende haki, wapende rehema, waende kwa unyenyekevu na Mungu wao. Mistari mitatu mbele yake, mstari wa 11, Mungu huyo huyo anashuka sokoni, anauliza kama anaweza kuwa safi akiwa na mizani ya udhalimu na mfuko wa mawe ya kupunja. Mistari mitatu tu mama, kutoka madhabahuni mpaka kwenye kopo.

Unasema kila mtu anajua. Hapana. Nikueleze nilichoona kwa macho yangu. Nina jirani bibi mmoja anakaa na wajukuu watatu, jumamosi moja tuliongozana kwenda huko huko Kibirizi, akafungua fundo la khanga akatoa hela imekunjwa ndogo sana, akanunua kopo mbili za dagaa. Sitaki kujua kama alinunua kwako. Tulivyorudi akazimwaga kwenye ungo azichambue mawe, akaziangalia, hakusema kitu. Akazigawa kwa mkono mafungu mawili, la leo na la kesho. Akaangalia tena lile la leo akaona halitatosha watoto watatu, akachota kidogo kutoka la kesho akaongezea. Mimi nimekaa pale kwenye kigoda naangalia. Yule bibi hakujua kitu chochote kuhusu kitako cha kopo, alifikiri hesabu yake ndio imekosea, na akanambia uzee huu Mwalimu siku hizi sijui hata kukadiria. Hiyo ndiyo nusu kopo tunayoiita ujanja wa biashara, imetoka kwenye fungu la kesho la watoto wa mtu, na mwenye kuibiwa akajilaumu mwenyewe.

Sasa kuhusu watoto wako kula, hilo swali ni la kweli na anayelichukulia kirahisi hajawahi kuamka saa kumi alfajiri kusubiri mitumbwi. Sitakuambia ukinyoosha kopo lako wiki ijayo utafunguliwa milango ya mafuriko ya wateja, sijui, inawezekana ukapata wiki tatu mbaya. Lakini usianze peke yako. Umesema uko timu ya maombi, nina uhakika humo ndani mko wauza dagaa zaidi ya mmoja. Ijumaa hii kabla ya kuanza kuombea Ikulu na Bunge wekeni makopo yenu katikati ya duara, myaangalie. Nasema kweli, yaleteni. Mkikubaliana hata watatu mkanunua makopo mapya, mkakaa meza zinazofuatana, mkawa mnamwambia mteja kopo letu kitako kiko sawa geuza uone, hiyo tayari ni habari sokoni, na habari Kibirizi haikai. Nunueni mzani mmoja kwa kuchanga muuze kwa kilo, Wakala wa Vipimo wanauhakiki na kuuwekea alama. Tena angalieni na dagaa zenyewe, ukianika kwenye chanja badala ya kumwaga mchangani mteja hatafuni mchanga, na mteja asiyetafuna mchanga anaelewa kwanini umezidisha bei kidogo. Ukweli unataka na ufundi, usiache ukweli utembee peke yake bila viatu.

Kwanini nchi haibadiliki. Mstari tunaousoma kwenye kila mkesha ni 2 Nyakati 7:14, hata watoto wa Sunday school wanaujua, watu wangu walioitwa kwa jina langu wakijinyenyekesha, na kuomba, na kunitafuta uso. Tukifika hapo sauti zinapanda watu wanaanza kulia na kunena, wakati sentensi haijaisha, inaendelea "na kuziacha njia zao mbaya", ndio baadaye anasema ataiponya nchi yao. Tunaombea uponyaji wa nchi kwa nusu sentensi.

Alafu soma Luka 3, Yohana Mbatizaji pale mtoni. Watu wameguswa wanamuuliza tufanye nini basi. Hakuwaambia waongeze siku za kufunga. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru aliwaambia msitoze kitu zaidi ya mlivyoamriwa. Askari aliwaambia msidhulumu mtu, msishitaki kwa uongo, mtosheke na mishahara yenu. Kila mtu alijibiwa kwa kazi yake, na hakuna aliyeambiwa dhambi za mwenzake, mtoza ushuru hakupewa habari za askari wala askari habari za mtoza ushuru. Sisi tunafanya kinyume, muuza dagaa anatubu kwa niaba ya mbunge na mbunge anatubu kwa niaba ya vijana wa bodaboda.

Na usidhani kopo lako ni dogo mbele ya taifa. Fuatilia dagaa mmoja. Anavuliwa usiku wa giza kwa taa huko ziwani, mvuvi ameshapunjwa petroli kwenye dumu alilonunua jioni. Akifika mwaloni anatozwa ushuru, pengine risiti inatoka ya pesa pungufu ya ile iliyotolewa. Dagaa anakuja kwako kwenye kopo. Anayebaki anapakiwa kwenye gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo, ambalo sheria imelikataza na bado linapita, gari linasimamishwa njiani mara kadhaa na kila kusimama kuna mkono umenyooshwa, mpaka anafika kwenye sahani ya mtu Tabora mjini au Dar amepita mikono kumi na kila mkono umemega. Hilo ndilo taifa, mama, ni hiyo mikono kumi. Wewe umeshika mmoja.

Babu zetu walishaliona hili. Uamsho ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya mpaka huku kwetu Tanganyika, waliookoka walijulikana kwa kitu ambacho leo tumekisahau, waliungama hadharani kwa kutaja jambo lenyewe alafu wanarudisha walichoiba. Mtu anakutokea asubuhi na jembe lako la miaka mitano nyuma. Majirani hawakuhitaji kuhubiriwa, waliliona jembe.

Niandikie mama, nataka kujua ijumaa ilikwendaje.

SWALI: Mwalimu nakuheshimu lakini hapa sikuelewi. Nchi yetu haina dini, na huku Ujiji nilikozaliwa waislamu ndio wengi, wewe unaandika kama vile maadili ya taifa ni mali ya wakristo. Mbona wezi wakubwa wengine tunawaona kwenye viti vya mbele makanisani? (Kijana wa Ujiji)

JIBU: Umenipiga panapouma na ni haki yako. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na mimi nashukuru iko hivyo. Serikali haina dini ila wananchi wanazo, na kila mmoja anaenda kazini na ile ya kwake au anaiacha nyumbani. Ninaowaandikia kwa ukali ni wa nyumbani kwangu kwasababu ndio nina ruhusa ya kuwagombeza.

Hilo la wezi kwenye viti vya mbele ni kweli na ni aibu yetu. Tumewaweka sisi. Mtu akija na harambee ya bati mia mbili hakuna anayemuuliza kazipata wapi, tunampigia makofi na kumwita mlezi wa kwaya.

Nina rafiki yangu shehe hapo hapo kwenu Ujiji, wiki ile makala ilipotoka tulikaa barazani kwake tunakunywa kahawa akanambia Mwalimu hilo la vipimo sisi tuna sura nzima, akanisomea, ni sura ya 83, inaanza na ole kwa wapunjao, wale ambao wakijipimia kwa watu wanataka kamili na wakiwapimia wengine wanapunguza. Nilinyamaza. Yaani mama wa Kibirizi na mteja wake mwislamu kila mmoja ana kitabu kinachomlinda mwenzake pale mezani, na bado kopo limegongwa.

Alafu nikukumbushe kitu ambacho nadhani kizazi chako hakikukaririshwa kama sisi. Ahadi za mwanaTANU, kile chama kilichotuletea uhuru. Hakuna mstari wa Biblia wala wa Qurani mle, lakini ilikuwepo "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa", ilikuwepo "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu", na "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko". Waislamu na wakristo walizisema kwa sauti moja. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma sekondari Tabora, akitoka Makerere akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria hapo hapo Tabora, alikuwa mkatoliki wa kwenda misa kila siku na hakutaka kuifanya nchi iwe ya kanisa. Imani yake ulikuwa unaiona kwenye vitu alivyojinyima.

Ila kuna kitu kinanisumbua na nitakisema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kikao kimoja cha CCM Zanzibar kikalegeza masharti hayo yakaisha. Sijadili hapa kama ilikuwa sahihi au la, wazee wenye akili zao wanabishana mpaka leo. Ninachokiona mimi ni kwamba waliokuwa wanajizuia kwasababu imeandikwa, siku ilipofutwa waliachia siku hiyo hiyo, na waliokuwa wanajizuia kwasababu ndio walivyo, wakaendelea kuishi vile vile. Nawajua wawili watatu wa kundi la pili, wamestaafu na baiskeli zao, hawajutii. Ndio maana naongelea moyo wa mtu na imani, kwangu mimi ni Kristo, siwezi kuandika kingine nisichokiishi. Wewe chimba kwenye kisima chako, ila uchimbe ufike kwenye maji.

SWALI: Mwangaluka Mwalimu. Niliwahi kuwa karani wa mizani chama cha msingi cha tumbaku huku wilaya ya Urambo. Misimu miwili nilikuwa napunguza kilo mbili tatu kwenye kila robota, yaani furushi la tumbaku, la mkulima asiyejua kusoma, zile kilo naziingiza kwenye jina la shemeji yangu, malipo yakija tunagawana. Nimeacha miaka saba sasa, nimeokoka, naimba kwaya. Nimetubu mbele za Mungu na mchungaji kasema damu ya Yesu imeshafunika nisirudi nyuma. Ila nikikutana njiani na mzee mmoja niliyempunja nashindwa kumwangalia, na mwingine alishafariki. Nifanyeje? (Karani, Urambo)

JIBU: Ndugu yangu mchungaji wako amesema kweli nusu. Damu ya Yesu inafunika dhambi, haifuniki deni. Yule mzee aliamka usiku kuchochea moto kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ili majani yakauke vizuri, na mbolea aliyokopeshwa ilikatwa yote bila kupunguzwa hata kilo moja, wewe ndiye uliyepunguza upande wake.

Soma Zakayo vizuri, Luka 19. Yesu hakumdai kitu, aliingia tu kukaa kwake. Zakayo ndiye aliyesimama akasema kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne, na baada ya hapo ndio Yesu akatamka leo wokovu umefika nyumba hii. Torati yenyewe, Hesabu sura ya 5, imeweka utaratibu hata wa hilo unaloniuliza, mkosaji aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kama mwenyewe hayupo apewe ndugu yake wa karibu, na kama hana ndugu ndipo kiende kwa Bwana kupitia kuhani. Kwahiyo aliyefariki ana warithi, anza na hao, usikimbilie kutoa kanisani kwasababu kanisani kuna makofi na kwa mjane hakuna.

Sikuambii kitu nisichokipitia. Nikiwa mwalimu kijana, shule ya kijijini, sitaitaja, nilikabidhiwa funguo za stoo. Yaliletwa mabati ya darasa jipya, nikachukua sita, usiku, kwa baiskeli, safari mbili, nikamwezekea mama yangu jiko. Nilijiambia mama amenisomesha kwa taabu na serikali haitakosa mabati sita. Darasa lile likabaki na pembe iko wazi, mvua ikinyesha watoto wanasogea upande mmoja. Miaka kumi na moja nilibeba kitu hicho, nimehubiri nacho, nimefundisha uraia nacho. Siku niliyoshindwa nikanunua mabati kumi, nikakodi pikapu, nikaenda. Mwalimu mkuu alishahamishwa kitambo nikamtafuta mzee mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya shule, nikamkuta anapukuchua mahindi uani, nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakuacha kupukuchua. Akasema, "Tulikuwa tunajua, Mwalimu. Tulikuwa tunakusubiri." Nililia pale kama mtoto. Miaka yote ile nilidhani nimeficha, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinanisikiliza nikifundisha watoto wao uaminifu na wamenyamaza.

Huyo mzee unayeshindwa kumwangalia pengine naye anajua.

Basi andika majina yote unayoyakumbuka na makadirio ya kilo, kadiria juu usikadirie chini. Shemeji yako mweleze kwanza asije kushtukizwa, ila asikuzuie. Nenda na mzee mmoja wa kanisa anayejua kutunza mdomo, msiende msafara. Kama hela huna yote, sema una ngapi na utamalizia lini na uandike. Na ujue, ni kosa la kisheria ulilofanya, anaweza kutokea wa kukupeleka mbele, hilo ulikubali moyoni kabla hujatoka nyumbani, na ukipata mwanasheria wa kukushauri mapema ni vizuri. Sijui kama watakusamehe. Nenda hivyo hivyo.

SWALI: Shikamoo babu Mwalimu. Mimi nasoma darasa la sita Kasulu. Bibi alinituma dukani nikarudishiwa chenji imezidi elfu mbili nikairudisha, wenzangu wananiita mshamba na kaka amesema ningenunua daftari. Nilikosea? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hukukosea hata kidogo. Yule muuza duka jioni angehesabu hela zikapungua, pengine duka si la kwake na angekatwa yeye. Daftari nakutumia mimi, mbili, nimempa mhariri azitume pamoja na gazeti hili. Kaka yako msomee 1 Samueli sura ya 12, mzee Samueli anawasimamisha Waisraeli wote anawauliza nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani, nimepokea rushwa kwa mkono wa nani, na taifa zima likajibu hukutudhulumu, wala hukutwaa kitu mkononi mwa mtu yeyote.

SWALI: Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi ni mzazi niko Uvinza, nina kijana wangu amemaliza chuo, mwaka wa tatu huu yuko nyumbani. Kuna mtu amesema anaweza kumuingiza ofisi fulani ila anataka laki nane "ya maji". Nimeuza mbuzi nina laki tano. Nilimuuliza mtumishi mmoja akasema nitoe kwa imani kama mbegu, Mungu anatumia njia nyingi. Moyo wangu hautaki. Ila nikimwangalia kijana anavyokonda kwa mawazo nasema potelea mbali. Nisaidie. (Baba, Uvinza)

JIBU: Baba pole. Moyo wako umeona mbele kuliko huyo mtumishi, na nasema hivi nikiwa nimepima maneno, aliyekuambia rushwa ni mbegu amekudanganya kwa jina la Mungu. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha macho hao waonao. Hiyo ndiyo mbegu yenyewe, na ukiipanda atakayeivuna ni kijana wako, ataingia ofisini akiwa anadai laki nane zake, na atamdai nani kama si baba mwingine atakayekuja dirishani.

Kuna mtu kwenye Biblia alikaa kwenye hali kama yako na hatumhubiri kabisa kwa upande huu. Paulo. Matendo 24, amefungwa Kaisaria, liwali Feliki anamuita mara kwa mara wanazungumza vizuri kabisa, na mstari wa 26 unasema wazi alikuwa anatumaini kupewa fedha na Paulo. Paulo alikuwa na marafiki, michango angepata, na kazi ya injili ilikuwa inamsubiri, angeweza kusema Mungu anatumia njia nyingi. Hakutoa. Miaka 2 ikapita Feliki akaondoka akamwacha ndani. Hakuna malaika aliyekuja kufungua mlango safari hii. Nakupa habari hii kama ilivyo, sitaki uje useme Mwalimu aliniahidi kazi ndani ya mwezi.

Kwa upande wa dunia pia ujue, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 inamshika anayetoa na anayepokea, wote wawili, kwahiyo hizo laki nane zinaweza kukuweka wewe mahabusu. Na wengi wa hawa watu hawana ofisi yoyote baba, wanakula hela na simu inazimwa. Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye mtandao wao na kuomba hakulipiwi hata senti. Huyo mtu ripoti TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa, piga 113, ni bure, tunza meseji zake usizifute.

Hizo laki tano za mbuzi ni nyingi, usizidharau. Kaa na kijana mzungumze kama wanaume wawili, umwambie ulitaka kufanya nini na kwanini umeacha, asikie kutoka kwako asije akadhani umemnyima. Uvinza ni nchi ya chumvi, mnapitiwa na reli na barabara, na hapo pana kitu cha kuanzia kwa mtaji huo, hata kama ni kununua chumvi na kuipeleka vijijini kwenye minada, huku anaendelea kutuma maombi kila nafasi inapotangazwa. Cheti hakiozi.

Akiitwa kwenye usaili wowote, au hata biashara ya chumvi ikiwakatalia, niandikie, matokeo yoyote yale. Barua yako nimeiweka ndani ya Biblia yangu hapo kwenye Matendo 24 na kila nikifungua nitawataja nyote wawili.